Wifi wa Chumba cha Seva

4 Februari

Wifi mpendwa,

Salamu nyingi kutoka ghorofa ya tano, Idara ya Wateja, ambako kiyoyozi kinatuvalisha masweta na jua linawaka nje. Usishtuke kuona barua yangu imekuja na nembo ya kampuni. Leo nakuandikia kama wifi na kama mtu wa ofisi, na sijui nianze na yupi.

Nianze na ofisi. Unajua sisi ndio tunaouza ule mfumo unaoendesha seva za makampuni. Mwaka huu wakubwa wameamua tutoe kijitabu cha uzoefu wa wateja, watu wenyewe waseme wamefaidika vipi. Nikapewa majina ya kuwaandikia, na katikati yake nikakutana na kampuni yenu ya oksijeni. Nikacheka peke yangu mpaka jirani wa meza akageuka. Mtunza seva wa kampuni ile si mke wa kaka yangu? Basi kazi ikawa nyepesi. Niandikie mnavyoutumia, unavyowafaa, na kama kuna kinachokera, sema. Mimi si mgeni.

Sasa ya nyumbani. Kaka yangu hapokei simu. Nikipiga inaita mpaka inachoka yenyewe. Baadaye ananiandikia maneno mawili: "Niko kazini." Hayo mawe anayokatia watu ya kuwekea majikoni yamemziba masikio? Mwambie simu huongewa pia, haikuumbwa kwa kutazamia mpira tu.

Wifi yako wa Idara ya Wateja

9 Februari

Wifi,

Barua yako imenikuta nimekalia ndoo iliyogeuzwa, maana kiti cha chumba cha seva kiliazimwa na mhasibu na hakijajua njia ya kurudi. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mafagio. Upande wa pili wa ukuta ndiko wanakojaza mitungi, na mashine ikianza kunguruma kalamu inatembea mezani bila kuguswa. Nikiwaambia wenzangu wifi ameniandikia, wanauliza kama mtandao umerudi.

Umetaka uzoefu. Haya.

Seva yetu ni sanduku jeusi lenye feni. Hospitali ikipiga simu kutaka mitungi, dada wa simu anaandika agizo, seva inapanga gari lipi lipite wapi, dereva anachapiwa karatasi ya safari, anaondoka. Na si hospitali peke yake. Wapo wagonjwa wa nyumbani, watu ambao mapafu yao hayatoshi tena, wanaolala na mtungi pembeni ya kitanda. Hao ndio wanaoninyima raha. Hospitali ina akiba. Mtu wa nyumbani akiba yake ni mlango kugongwa.

Mazuri yapo, sitaki kuwa mchoyo. Virusi viliingia kwenye kompyuta ya mhasibu vikaishia hapohapo, havikufika kwenye seva. Na siku bomba lilipopasuka juu ya dari maji yakatumwagikia, nakala ya akiba ilitusaidia, tukarudisha kila kitu kesho yake. Siku hiyo nilisema kwa mdomo wangu kwamba mfumo huu umetubeba.

Mabaya nayo. Leseni mnauza kwa kichwa, na sisi vichwa ni vingi kuliko leseni, kwa hiyo watu wanaingia kwa zamu kama wapangaji wa bafu moja. Simu yenu ya msaada inapiga muziki mzuri sana, naujua wote. Lakini hayo ni mwiba wa kidoleni. Mwiba wa koo ni masasisho. Mfumo unapopata toleo jipya unajizima na kujiwasha. Nimeuwekea saa za kazi, nimeuambia usijizime watu wakiwa kazini. Unaitikia vizuri, kisha unajizima asubuhi simu zikiwa zinalia. Maagizo ya asubuhi hiyo yanapotea, kwa sababu nakala ya akiba huchukuliwa jioni. Nimemwomba meneja tununue seva ya pili. Meneja wetu tunamwita Bwana Kesho, na nadhani jina linatosha.

Kaka yako mzima. Amechoka tu, kama sisi sote. Ila usipige simu, wifi, uwe unaniandikia. Simu hapa zinalia kutwa, nikifika nyumbani nikisikia mlio natamani kuirusha dirishani.

Wifi yako, mtunza seva

20 Februari

Wifi,

Asante! Mkuu wa idara ameipenda barua yako. Amesema hivi ndivyo mteja anavyotakiwa kuongea. Nafasi ni ndogo, kwa hiyo nimeipunguza kidogo. Ukurasa wako utasomeka hivi:

"Siku maji yalipotumwagikia, tulirudisha kila kitu kesho yake. Mfumo huu umetubeba." Mtunza seva, kampuni ya oksijeni.

Pembeni kuna picha ya mama anayecheka mbele ya kompyuta. Si wewe, ni picha ya kununua, lakini pua mnafanana. Yale mengine nimewapelekea wahandisi, usidhani nimeyatupa.

Kuhusu kaka, nimekuelewa, sipigi. Basi nitumie picha yake. Ya mwisho niliyonayo amebeba bamba la jiwe begani kama mtu aliyebeba mto wa kulalia. Nitumie mpya, hata akiwa amekunja uso.

Wifi yako

27 Februari

Wifi,

Umening'oa meno halafu umeniambia nicheke. Nilikuandikia kurasa mbili, ukachagua maneno niliyosema siku moja nikiwa nimelowa maji. Watu watasoma wataamini. Mtu mwenye kampuni kama yetu atasema, kama wale wa oksijeni wanausifu, mimi ni nani?

Sikuandikii kukugombeza. Sina nguvu hizo. Nakuandikia kwa sababu Jumanne mfumo umejizima tena, simu zikiwa zimepamba moto. Dada wa simu alikuwa na agizo la wodi ya watoto mdomoni, kioo kikawa cheusi. Akanitazama. Mimi nikaitazama seva. Tukachukua simu, tukaanza kuwapigia wateja mmoja mmoja: "Samahani, mlituagiza nini?" Nesi mmoja akaniuliza, "Nyie ni kampuni au ni watoto wanacheza duka?" Nikamwomba arudie agizo.

Mpelekee mhandisi yeyote mwenye masikio. Mwambie saa za kazi nimeweka. Kioo kinaonyesha saa zangu, lakini mfumo unafuata zake.

Kaka yako anakusalimu. Picha nitatuma, kamera ya simu inasumbua.

Mtunza seva

11 Machi

Wifi,

Wahandisi wamejibu. Wanasema mteja hakuweka saa za kazi inavyotakiwa. Nakutumia mwongozo wao, fuata hatua zote, anza upya. Ukiniuliza mimi, nitawaamini. Wao ndio waliojenga nyumba, wanajua mlango uko wapi.

Sasa nina jambo zito, na sitalizungusha. Nimepiga simu karakana ya mawe. Nilitaka kumshtukiza kaka. Aliyepokea akacheka, akadhani natania. "Huyo? Huyo aliacha kazi zamani, dada. Mwaka umepita." Nikamshukuru, nikakata simu.

Mwaka, wifi! Na wewe unaniandikia "amechoka tu". Amechoshwa na nini, kama hana kazi? Simu nisipige. Picha kamera mbovu. Nimejumlisha mwenyewe. Ama ameondoka hapo nyumbani na unaona aibu kusema, ama umemweka ndani umemkataza ndugu zake. Mama aliwahi kuniambia, mwanamke mpole mwogope. Nilimkatalia. Nilikutetea mimi.

Yule ni kaka yangu kabla hajawa mume wako. Mwisho wa mwezi nakuja nimwone kwa macho yangu.

Wifi yako

13 Machi

Wifi,

Mwongozo nimeufuata hatua kwa hatua. Nilikuwa nimeshaufuata. Nimeambatisha picha ya kioo uone saa nilizoweka. Wape hao wajenzi wa nyumba waitazame.

Kaka yako hajaondoka na sijamfungia. Yupo. Kilichobaki si changu kusema. Nimemwambia akuandikie mwenyewe, naye anasema wiki ijayo. Kila wiki ni wiki ijayo. Nina Bwana Kesho kazini na mwingine nyumbani.

Usije kwanza. Nakuomba. Ukija atanilaumu mimi kwamba nimekuita, na kwa sasa sina pa kuuweka mzigo mwingine.

Mama yako ana haki ya kuniogopa. Nimekuwa mpole kwa sababu kelele zinataka pumzi.

Mtunza seva

3 Aprili

Wifi,

Nakuandikia kutoka kwenye korido ya hospitali. Kaka yako yuko hai, nataka ulijue hilo kwanza kabla ya mengine. Amelazwa. Anapumua kwa msaada wa mashine, ananiona, ananijua.

Nilimwahidi kutosema. Ahadi hiyo naivunja sasa, akitaka kunilaumu anilaumu akipona.

Mapafu yake yameharibika, wifi. Ni vumbi la mawe. Miaka yote ile alikata mabamba bila maji ya kutuliza vumbi na bila barakoa ya maana, vumbi jeupe likimkaa kwenye nyusi, tukimcheka kwamba amezeeka kabla ya baba yake. Lilikuwa linaingia na ndani. Daktari alituonyesha picha, akasema kilichokwisha kugeuka kovu hakirudi. Aliacha kazi mwaka jana. Tangu hapo ni mmoja wa wale wagonjwa wa nyumbani niliokuandikia. Mtungi wake unatoka kwetu. Hakupokea simu zako kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kukohoa, na hakutaka uisikie hiyo sauti. Ndiyo maana nilikwambia uniandikie. Ndiyo maana hakukuwa na picha.

Sasa Alhamisi. Niliingia kazini, nikaandika agizo lake mimi mwenyewe kama ninavyofanya siku zote, mtungi mmoja, ghorofa ya pili, nyumbani kwetu. Mfumo ukajizima. Toleo jipya. Safari hii ulipowaka ukakataa kufungua, ukasema leseni haitambuliki, nipige simu makao makuu. Yaani kwenu. Nikapiga. Muziki. Dada wa simu akawa anatafuta hospitali kwa simu ya mezani, mimi simu yangu nimeibana sikioni nasubiri mtu wenu apokee.

Sikumsahau kaka yako. Naomba uelewe hapa. Nilimkumbuka wakati wote. Nilijiambia, asubuhi nilitazama kipimo, mshale unaonyesha mtungi una nusu, utamfikisha jioni. Kuna wodi zenye watoto. Kuna bibi mmoja anaishi peke yake. Wao kwanza. Dereva alipouliza, "Na kwako je?" nikamwambia, "Kwangu mwisho."

Mshale ulikuwa umekwama. Mtungi ulikuwa karibu mtupu tangu asubuhi.

Alinipigia. Akakuta simu yangu inatumika. Akapiga tena. Mimi bado nasikiliza muziki wenu. Akaamua kushuka ngazi mwenyewe kutafuta watu, akaishia katikati. Jirani wa chini alimkuta ameketi ameshika nguzo ya ngazi, midomo imebadilika rangi. Ndiye aliyemkimbiza hapa kwa gari lake. Mimi nilipata habari kwa dereva, aliyefika na mtungi akakuta mlango wazi na viatu vya kaka yako kwenye ngazi.

Wale wengine wote walifikiwa. Bibi alifikiwa, watoto walifikiwa. Nikiambiwa nipange tena sijui ningepanga vipi, nimelifikiria hapa korido mpaka kichwa kimekuwa kizito.

Basi, ndiyo hayo. Sasa unaweza kupiga simu.

Mke wa kaka yako

5 Aprili

Wifi,

Tumeongea jana lakini nimelia nusu ya maongezi, kwa hiyo naandika.

Baada ya kusoma barua yako nilikwenda chooni nikanawa uso, kisha nikaenda kwa mkuu wa idara nayo mkononi. Nikamwambia, "Kijitabu kisimame. Mteja wa ukurasa wa nane anasema hivi." Akaisoma yote, namsifu kwa hilo. Akairudisha polepole.

"Pole sana. Lakini haya ni mambo ya familia."

"Kujizima asubuhi ni mambo ya familia?"

"Wahandisi walishajibu. Mteja hakuweka saa inavyotakiwa."

"Picha ya kioo chake ninayo tangu mwezi uliopita. Uliitaka?"

Akasema niende nyumbani nikapumzike. Sikwenda nyumbani. Nilishuka kwa wahandisi, mahali ambapo watu wa idara yetu huwa hatuendi bila miadi, nikasimama pembeni ya meza ya mama mmoja mwenye miwani mpaka akachoka kujifanya hanioni. Nikampa picha yako. Nikamwambia, sitaki maneno, jaribu. Akachukua seva ya majaribio, akaweka saa za kazi kama zako, akaiingizia toleo jipya. Tukakaa tunaisubiri kama watu wanaosubiri chungu kichemke.

Ikajizima, mchana kweupe.

Yule mama akavua miwani. Akasema, "Toleo jipya linafuta saa za mteja na kurudisha za kwetu. Kwenye kioo zinabaki za mteja." Maneno yako yaleyale, wifi, ya Februari. Akatafuta malalamiko ya wateja wengine. Yapo, kampuni moja baada ya nyingine, na kila moja limejibiwa: mteja hakuweka saa inavyotakiwa. Mengine nimeyajibu mimi. Kwa sahihi yangu, na "tunathamini maoni yako" chini yake.

Hapo hasira yangu ya kwanza.

Ya pili ni yenu ninyi wawili. Mwaka mzima mmenifanya mgeni. Sikumbeba kaka yangu, sikumshika hata mkono, nilikuwa huku naomba picha. Najua yeye ndiye aliyekataza. Lakini wewe ulikuwa na kalamu, wifi, na mimi nilikuwa nakuuliza. Nimekasirika na nakuonea huruma kwa wakati mmoja, na moyo wangu haujui uanze na lipi.

Nimepata tiketi ya kesho kutwa.

Wifi yako

12 Aprili

Mdogo wangu,

Umeondoka jana. Leo nimeomba kalamu. Naandika polepole. Nikichoka naweka chini.

Ulipokuja tuliongea mambo ya utoto tu. Hili la kwa nini nilikuficha hukuniuliza, nami sikusema. Nilikuona unalimeza.

Usimlaumu wifi yako. Alinisihi nikwambie. Alisihi jikoni, alisihi kitandani, siku moja alisihi akiwa ananifunga kamba za viatu. Mimi ndiye niliyekataa.

Sababu utaiona ndogo. Mimi ndiye nilikuwa nakubeba mgongoni kuvuka mto mvua ikinyesha, ukinipiga visigino kama punda. Nilikuwa na nguvu. Watu wote walijua nina nguvu. Nikafikiri, ngoja pabaki mtu mmoja duniani anayenijua vile. Nikakuchagua wewe. Kukuficha ugonjwa wangu kukawa ndilo pumziko langu. Wifi yako ndiye aliyelilipia.

Unajua alivyo. Anafika nyumbani, anatazama kipimo, ananitazama mimi, anatazama tena kipimo. Kisha anauliza nimekula. Sijawahi kumsikia akisema amechoka. Sasa nadhani amesahau kwamba neno hilo linamhusu na yeye.

Siku ile ya ngazi sikuogopa kufa kama nilivyoogopa yeye kujua nimempigia na simu yake inatumika. Amejua. Hatujaliongea. Akikaa pembeni ya kitanda anashika kidole changu gumba tu, kama vile mkono mzima ni mwingi.

Nesi anakuja kuninyang'anya kalamu. Anasema ninamaliza pumzi kwa ajili ya sarufi.

Kaka yako

2 Juni

Wifi,

Nimechelewa kukujibu. Kila nikikaa kuandika nasinzia, juzi nimeamka na alama ya kalamu shavuni.

Habari za kazi kwanza, ni nyepesi zaidi. Tangazo la kampuni yenu limetufikia, lile la kuwaonya wateja na kutoa marekebisho. Yule mama mwenye miwani alinipigia mwenyewe, bila muziki, akanisubiri nilipokuwa nayaweka. Tangu hapo mfumo haujajizima watu wakiwa kazini. Hata Bwana Kesho amesema "leo": seva ya pili imefika, na dada wa simu anajifunza kuiendesha. Ana kichwa chepesi. Ana mdomo pia. Anaiita seva mpya mke mdogo na ya zamani anaibembeleza isione wivu.

Nimesikia wamekutoa Idara ya Wateja. Nilijua ungelipia. Dereva anasema kijitabu kimetoka bila ukurasa wetu. Nilifurahi, nikaona vibaya kufurahi.

Nyumbani sasa. Amerudi, tumempatia mashine inayovuta hewa ya chumbani na kumchujia oksijeni, na mtungi unakaa wa akiba, na kipimo kipya. Lakini nisikudanganye tena. Hajarudi yule uliyemwacha hospitalini. Kutoka kitandani mpaka dirishani anapumzika katikati. Daktari hakutaja muda, nami sikumuuliza. Juzi aliniambia, "Nikiwa nacheka nakosa hewa, kwa hiyo acheni kunichekesha," halafu yeye mwenyewe akaanza kusimulia habari za punda.

Ulipokuwa hapa tuligombana jikoni kuhusu namna ya kukamua kitambaa, unakumbuka? Tulijua si kitambaa. Ukaniambia, "Unamtunza kama unavyotunza mashine." Neno hilo lilinikaa rohoni wiki nzima, kwa sababu ni kweli. Natazama vipimo. Nasikiliza mlio. Ukibadilika naruka. Ndiyo namna ninayoijua ya kuogopa nikiwa bado nafanya kazi. Kuna siku nimekaa naye jioni nzima na nikienda kulala sikumbuki tumeongea nini, nakumbuka namba tu.

Wifi, sijawahi kuomba msaada. Sijui hata unaombwaje. Nimeandika sentensi hii mara kadhaa nikaifuta, na kaka yako hapa ananitazama anasema, "Mwandikie, usifanye kama mimi." Basi naandika. Nimechoka. Nataka mtu mwingine awe anasikiliza ile mashine, nami niwe mke wake tu, hata kwa siku chache, wakati bado yupo.

Mke wa kaka yako

6 Juni

Wifi,

Huku wamenipa meza iliyotazama ukuta na kazi ya kupanga vitambulisho vya wageni. Nimewaandikia kwamba naondoka. Walikubali upesi mpaka nikacheka. Yule mama mhandisi amenidokezea kazi ya kujibu wateja kwa simu kutoka popote, tutaona. Isipokuwepo hiyo itakuwepo nyingine.

Mama nimempigia. Nimemwambia yote, na kwamba kuhusu wewe alikosea. Akasema nikuletee shuka nzito.

Kaka atanifundisha mlio wa mashine, ule wa kawaida na ule wa hatari. Nikikosea atanizomea, ndiyo raha yake. Zamu ya usiku ni yangu, na asubuhi ni yangu kabla hujaenda kazini. Mkiongea sitaingia. Mkinyamaza pia sitaingia.

Nafika Jumapili. Usinipikie. Usinitandikie. Usije kunipokea, njia naijua, na jirani wa chini ameniahidi kuniachia mlango wazi.

Ukisikia hatua kwenye ngazi usiruke. Ni mimi. Endelea kulala.

Wifi yako